Mluzi wa Bagamoyo na kumbukumbu yetu fupi

Kuna kipande cha video kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, hakifiki hata dakika moja. Kijana mwenye nywele ndefu amepiga magoti jukwaani, gita lake ameligeuzia spika, na kinachosikika ni mluzi mkali unaopanda na kushuka huku mpiga drams nyuma yake akirudia pigo lile lile. Ni usiku, ni Bagamoyo, karibu kabisa na bahari. Bendi hiyo ilitoka Ulaya, inapiga roki ya saikedelia ya majaribio, na ilialikwa kupiga pamoja na mpiga zeze wa hapa hapa. Maoni yanayoambatana na video hiyo yanafanana: kelele, upuuzi wa Wazungu, muziki wa wavuta bangi, mji wa sanaa umeuzwa. Wapo waliofika mahali pa kusema vikundi vya namna hiyo visipewe tena jukwaa. Na wapo, hasa vijana waliosafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuangalia, wanaowajibu kwamba asiyeuelewa muziki ule ni mshamba.

Nilikuwepo usiku ule. Jina la bendi silitaji kwa sababu makala hii haihusu bendi moja. Ninachotaka kusema ni kwamba pande zote mbili zinagombana zikiwa zimekubaliana jambo moja ambalo si kweli, kwamba kilichopigwa pale kilikuwa kigeni kabisa kwa masikio ya pwani. Kujaribu sauti, kukichukua chombo kilichokuja na jahazi au na meli na kukilazimisha kiseme lugha ya hapa, ni desturi ya zamani ya ukanda huu kuanzia Tanga hadi Bagamoyo. Wanaoulinda utamaduni dhidi ya muziki ule wanausahau utamaduni wenyewe ulivyopatikana. Na maadamu tunabishana juu ya video, hatuligusi swali linalotuuma kweli, la kwa nini majaribio ya namna ile leo yanafanywa na wageni mbele yetu, wakati wapigaji wetu wenye uwezo huo huo wamekaa pembeni hawana vyombo wala muda.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Roki ya saikedelia ilizaliwa katikati ya miaka ya 1960 Marekani na Uingereza. Huko Texas bendi ya The 13th Floor Elevators ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1966. London mwaka uliofuata wakatoa yao Pink Floyd, na mwaka huo huo Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyekulia kwenye bluzi, akalibadilisha gita la umeme kiasi kwamba halijarudi lilikokuwa. Walichofanya ni kuuvunja wimbo wa dakika tatu. Wakaurefusha hadi dakika kumi au ishirini, wakaingiza mwangwi, wakaazima kutoka Uhindi mtindo wa noti moja inayovuma chini muda wote, wakaharibu sauti kwa makusudi. Kile kisanduku kidogo cha kukanyagia kwa mguu kinacholifanya gita likwaruze kiliingia madukani Marekani mwaka 1962, na kufikia mwisho wa muongo ule kilikuwa kimeshakuwa chombo cha muziki chenyewe.

Ule mluzi wa kwenye video nao kila mtu anaujua. Ni ule unaotokea shereheni mshereheshaji anaposogea na kipaza sauti mbele ya spika: watu wanaziba masikio, fundi mitambo anakimbia kupunguza, mshereheshaji anaomba radhi. Kwenye gita mambo ni hayo hayo. Sauti inatoka kwenye spika, inazitikisa nyuzi, sumaku iliyo chini ya nyuzi inauchukua mtikisiko na kuurudisha kwenye amplifaya, nao unatoka tena ukiwa mkubwa zaidi. Mzunguko huo unaendelea mpaka mtu auvunje. Wapigaji wa miaka ile waligundua kwamba ukisogea hatua moja au ukigeuza bega, mluzi unabadilika, na ukiufanyia mazoezi ya kutosha unaweza kuuongoza uinuke pale unapotaka uinuke. Yule kijana aliyepiga magoti alikuwa akifanya hivyo. Alikuwa akitafuta pembe. Aliyeona amechanganyikiwa ameona mtu akitega sikio, akadhani ni wazimu.

Simu haiwezi kuonyesha hilo, na sababu yake si ya kifalsafa. Spika ya simu haina besi. Kipaza sauti chake kikizidiwa kinakata sauti kubwa na kuinua ndogo mpaka zote zinalingana, kwa hiyo kinachobaki ni ule ukali wa juu. Pale ufukweni ilikuwa kinyume. Besi niliisikia kwanza kwenye mapaja, kupitia mkeka na mchanga, kabla haijafika masikioni, na mluzi ulikuwa umekaa juu yake kama tanga juu ya ngalawa. Halafu kuna muda. Kipande chenyewe cha muziki kilichukua kama dakika 25; video imechukua sekunde za kilele chake tu. Wapenzi wa muziki wa dansi watanielewa nikisema ni sawa na kumkatia mtu chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayopamba moto, peke yake, bila wimbo uliolitangulia, bila mwimbaji kusimulia kisa chake kwanza, bila magita matatu kuanza kupokezana polepole, halafu umwambie ahukumu bendi. Chemko bila njia ya kulifikia ni makelele hata likipigwa na Jamhuri Jazz ya Tanga enzi zake.

Jambo moja halikunaswa na simu yoyote niliyoiona. Mbele yangu alikaa mama mtu mzima, dera la maua na mtandio, mkono ameuweka shavuni tangu bendi ilipopanda. Nilidhani amekereka. Zeze lilipoingia, gita likashuka na kuanza kulijibu, zeze likiuliza nalo likirudia swali kwa sauti nzito zaidi, mama yule akanyanyuka taratibu. Akapanda jukwaani na noti ya elfu mbili kaikunja kati ya vidole, akaizungusha juu ya kichwa cha mpiga gita, akaibandika kwenye paji la uso lililolowa jasho. Mgeni alishtuka, akaacha kupiga. Mpiga zeze akamwashiria kwa kidevu kwamba aendelee. Akaendelea, noti imeganda pale pale, na watu wakapiga vigelegele kwa mara ya kwanza usiku ule. Mama hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Aliupokea muziki kwa kanuni anazozijua za taarabu: ukiguswa, unatunza.

Sasa nizipime hoja za wanaopinga, maana si zote zina uzito mmoja. Hoja ya kelele naiona nyepesi, na nashangaa zaidi inapotoka kwa watu wa Bagamoyo. Huu ni mji alioishi na kufariki Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, mwaka 2003, na ukoo wake bado unapiga hapa. Ilimba ya Kigogo, ile marimba ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, nao umewekwa pale kwa kazi moja tu, kuifanya sauti ikwaruze. Juu ya hapo ina ndimi nyingine zisizoguswa kabisa. Zinatetemeka zenyewe nyingine zinapopigwa. Kwa maneno mengine, muda mrefu kabla Mmarekani hajatengeneza kisanduku chake, fundi wa Kigogo alishaamua kwamba sauti safi haitoshi, kwamba inahitaji mchanga ndani yake. Hukwe mwenyewe alipokutana na Michael Brook, Mkanada anayepiga gita lenye noti isiyokatika, wakatoa albamu pamoja mwaka 2002, na mzee wetu hakupiga kama mtu aliyevamiwa. Anayesema mkwaruzo ule wa ufukweni haukuwa muziki inabidi atuambie pia utando wa buibui tuufanye nini.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa kuliko zote: si wetu. Tanga inaijibu peke yake. Katika miaka ya 1960 taarabu ilikuwa na heshima yake, udi, ganuni, violini, mpangilio uliofuata Zanzibar, na Zanzibar ikifuata Misri. Wakaja vijana wa Black Star Musical Club, kisha Lucky Star, wakaingiza gita la umeme na besi, wakalipunguza kundi, wakauleta mdundo karibu na kiuno. Hii leo, anayezisikia nyimbo za Shakila binti Saidi wa Pangani hasikii uasi, anasikia asili. Hicho kinachoitwa asili kilikuwa jaribio, tena jaribio lenye gharama: gita la kawaida, kwa jinsi vyuma vya shingoni mwake vilivyopangwa, haliwezi kutoa zile sauti zinazokaa katikati ya noti na noti ambazo ganuni inazitoa bila shida. Tanga walizipoteza kwenye vyombo, wakazihifadhi kooni mwa waimbaji. Mwaka 2017 bendi ya saikedelia ya Melbourne, King Gizzard & the Lizard Wizard, ilitoa albamu nzima iliyopigwa kwa magita yaliyoongezewa vyuma ili yapate sauti hizo hizo za kati. Wao wanatoka kwenye gita kwenda zilikotoka ganuni. Tanga ilitoka kwenye ganuni ikaja kwenye gita. Ukisimama katikati ya njia hiyo ukauliza kipi ni cha nani, sidhani kama utapata jibu la kukusaidia.

Na si taarabu pekee. Patrick Balisidya wa bendi ya Afro 70, mtu wa Dodoma, mwaka 1978 alitoa albamu na Archimedes Badkar, bendi ya majaribio ya Sweden, ikabeba jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwishoni mwa 1969, muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja zilezile tunazozisikia leo. Marufuku ile imesahaulika, nyimbo za Balisidya bado zinapigwa redioni. Zambia, nchi ambayo reli ya TAZARA imetuunganisha nayo, walikwenda mbele zaidi: katika miaka ya 1970 walikuwa na roki yao kamili ya saikedelia, Zamrock, yenye bendi kama WITCH ya Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, Amanaz na Ngozi Family, wakipiga kwa Kiingereza na kwa lugha zao, magita yakikwaruza. Hakuna aliyewaambia vijana wa migodi ya shaba kwamba gita la umeme lina rangi ya ngozi.

Hoja ya dawa za kulevya siichukulii hivyo kirahisi. Ina ukweli ndani yake na anayeutetea muziki huu kwa kuuficha ukweli huo hatusaidii. Jina lenyewe la saikedelia lilitungwa katika miaka ya 1950 na daktari wa magonjwa ya akili, Humphry Osmond, akizungumzia dawa zinazobadilisha fahamu. Wengi katika kizazi cha kwanza walizitumia, na kuna walioharibikiwa: Syd Barrett, aliyekuwa kinara wa Pink Floyd, aliachana na bendi mwaka 1968 akili ikiwa imemtoka mikononi. Sasa, mzazi wa Bagamoyo au wa Tanga anayesikia habari hizo hazisikii kama historia ya mbali. Pwani hii imepoteza vijana kwa unga. Tuna nyumba za upataji nafuu katika miji yote miwili, na tuna akina mama wanaojua kufunga milango ya ndani ili mtoto wao wenyewe asiuze sufuria. Mtu wa namna hiyo akikwambia anaogopa, humwiti mshamba. Unakaa naye.

Lakini ukishakaa naye, mweleze pia kwamba muziki wenyewe unafanya kazi kwa njia nyingine. Unamchukua mtu kwa kurudia, kwa ukubwa wa sauti na kwa muda. Pigo moja likirudiwa dakika kumi bila kubadilika, pumzi inalifuata, kichwa kinaacha kuhesabu, na mabadiliko madogo sana yanaanza kusikika makubwa. Hilo pwani inalijua vizuri kuliko San Francisco, mji uliokuwa kitovu cha saikedelia Marekani. Bagamoyo ni mji wa Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931 na kuacha hapa kituo kikubwa cha tarika ya Kadiriya, na mpaka leo maulidi yake yanajaza mji. Aliyewahi kusikia zikri usiku, safu za watu wakivuta pumzi pamoja, anajua marudio yanafanya nini kifuani. Naomba nisieleweke vibaya: zikri ni ibada, na siiweki kwenye mizani moja na burudani ya jukwaani. Ninachosema ni kuhusu mwili tu. Mwili wa binadamu unaweza kupelekwa mbali na sauti peke yake, bila kuvuta, bila kujidunga, na babu zetu waliliweka jambo hilo kwenye utaratibu, lina mwanzo, lina mwisho, lina wa kuliongoza. Kumnyima kijana nafasi ya kulipata hilo mbele ya jukwaa la wazi, pamoja na mama yake aliyekaa mkekani, hakumweki mbali na maskani ya unga hata hatua moja.

Kwa upande wa watetezi, wale wa mshamba, nitakuwa mfupi. Wanadhani wanautetea muziki kwa kuwadharau wasikilizaji wake, na wanakosa kujua kwamba wazee waliokaa kimya pale ufukweni walikuwa wakisikia mengi kuliko wao. Yule aliyemtunza mpiga gita hakuwa na simu mkononi.

Inabaki hoja moja, nzito kuliko zote, na cha ajabu ni kwamba haikuandikwa chini ya video. Niliambiwa na kijana wa kikundi cha ngoma, tukiwa tunasubiri bodaboda. Kikundi chao kilipewa dakika 15 na vipaza sauti viwili kwa watu kumi na moja. Wageni walipewa saa nzima na ushee, mitambo ikapimwa kwa muda mrefu, na fundi wao wenyewe walimleta. Sina jibu la kumpinga. Muziki unaohitaji muda haueleweki kwa dakika 15, na hilo ni kweli kwa ngoma ya Wazaramo kama lilivyo kweli kwa saikedelia. Tukiwapa wageni muda wa kufika kilele na kuwapa wenyeji muda wa kusalimia tu, halafu tukalinganisha, tumeshaamua mapema nani ataonekana mbunifu.

Hapa ndipo historia inapotufundisha zaidi kuliko kututetea. Bendi zetu kubwa za dansi, kuanzia NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilikuwa za taasisi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpigaji alipata mshahara, jambo jema, lakini alipohama bendi alihama na vidole vyake tu. Ndiyo maana tuna kizazi kizima cha wapiga solo waliokuwa na uwezo wa kusimama popote duniani na hawakuwahi kulala nyumba moja na amplifaya. Mtu hajaribu na chombo cha kuazima. Anapiga kile kilichoagizwa na kukirudisha salama. Zamrock ilikufa kwa namna hiyo hiyo: bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970 pesa zikakauka, kumbi zikafungwa, kisha ukimwi ukawachukua wapigaji wengi. Kipaji hakikuisha Zambia. Jagari aliishia kuchimba madini, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, takriban miaka arobaini baadaye, vyombo viliporudi mikononi.

Kwa hiyo wanaotaka jukwaa lifungwe na wanaotaka liachwe kama lilivyo wote watatuacha mahali palepale. Bendi ya kigeni ikizuiwa, yule kijana wa ngoma bado ana vipaza sauti viwili. Ikialikwa kwa mtindo uliozoeleka, anapata kuangalia. Mwaliko ungekuwa na masharti ningeuunga mkono kwa mikono miwili: wageni wabaki siku tatu badala ya usiku mmoja, wafanye mazoezi na wenyeji kabla ya kupanda jukwaani, na kipande cha pamoja kipewe muda ule ule waliopewa wao. Vijana wa Zawose wameshaonyesha kinachowezekana. Msafiri alitoa albamu yake mwaka 2017 akichanganya zeze na mitambo ya kisasa, na Zawose Queens, wanawake wa ukoo ambamo zamani mwanamke hakuongoza, wakatoa ya kwao mwaka 2024. Lakini njia waliyopita ilipitia lebo za Uingereza. Ningependa ipite pia Barabara ya India, mjini hapa hapa.

Na haihitaji bajeti mpya kuanza. Siku ya tamasha mitambo inafungwa asubuhi au tangu jana yake, kisha inafunikwa turubai kwa sababu ya jua na chumvi, na watu hawaji mpaka jua lizame. Siku ile niliwahi. Kama saa tisa alasiri mpiga zeze alipewa dakika chache kupima sauti, akachomeka zeze lake kwenye kisanduku cha mgeni na kukikanyaga. Likatoka kama nyuki elfu. Akacheka, akarudia, akapunguza mkono, akasikiliza, akaanza kutafuta pembe kama alivyofanya yule mwingine usiku. Vijana sita wa kikundi cha ngoma wakasogea. Dakika zikaisha, fundi akazima, turubai likarudishwa, na kuanzia hapo mpaka saa moja jioni spika zote zile zilikaa kimya, saa nne nzima, wapigaji wakiwa wamelala kivulini hatua kumi kutoka jukwaani.